PANYA WA NYUMBANI NA MKONO WA MWENYE NYUMBA



Kuna ulizo moja lililotoka katika kikao cha vijana hapa Mubambiro, na wazee wakaona heri lijibiwe kwa maandishi, kusudi kila jamaa ilisome nyumbani kwa utulivu. Ulizo lenyewe ni hili: Mtu akimtesa panya kabla ya kumwua, je, ametenda dhambi? Wengi walicheka waliposikia. Mimi vilevile nilicheka kidogo. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi, maana ulizo hili halikutoka katika vitabu. Lilitoka katika kiwanja cha jirani, na watoto wangu walikuwa wamesimama pale.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja alinasa panya ndani ya ndoo. Panya yule alikuwa amekula mbegu ya maharagi ya mama yake, mbegu ya kukopa, iliyokuwa ikingoja mvua. Hasira yake tunaielewa. Akamwaga mafuta ya petroli ndani ya ndoo, akawasha kiberiti, akaipiga ndoo teke. Watoto wakapiga makofi. Panya akatoka mbio akiwaka moto, na hakukimbilia barabarani. Panya akiwa katika hatari hukimbilia kwake, kama sisi. Akaingia chini ya nyumba ya mbao, mahali palipokuwa na magunia makavu na kuni. Wamama wakaja na mabeseni ya maji, na kwa neema moto ukazimika, lakini ukuta mmoja ulikuwa umeungua na godoro moja pia. Kisha watu wakaanza kucheka tena, isipokuwa mama mwenye mbegu. Alimtazama mtoto wake akasema: “Panya alinilia kopo mbili. Wewe ulitaka kunilia nyumba.”

Kama jambo lingeishia katika nyumba kuungua, jibu lingekuwa jepesi: usicheze na moto. Lakini vijana hawakuuliza habari ya moto. Waliuliza juu ya panya. Wakasema, tuseme nyumba ni ya mawe na haiwezi kuungua. Je, hapo ni sawa?

Kabla ya kujibu, tukumbuke sisi ni nani na tunaishi wapi. Mwezi wa pili mwaka 2024, vita ilipokaribia Sake, watu wengi wa Sake na Mubambiro walishika barabara ya Goma na magodoro kichwani. Wengine walilala Mugunga, wengine Bulengo, katika vibanda vya plastiki juu ya makoro. Huko kambini panya alipita juu ya uso wa mtoto aliyelala, akatoboa gunia la unga lililopaswa kufika mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza 2025 vita ikaingia Sake, kisha Goma yenyewe, na mwezi wa pili makambi yakafungwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Tukarudi. Aliyekuta nyumba yake imesimama alimshukuru Mungu. Lakini nyumba isiyo na mtu haikai tupu. Tulikuta majani yamepita mabega, na ndani panya ndiye mwenye nyumba. Alikuwa amezaa katika masanduku yetu, amekata nguo vipande vipande, amekojoa juu ya Biblia. Mzee mmoja aliniambia kwa mzaha: “Hawa nao ni wenyeji, wametunza nyumba tulipokuwa mbali.” Mimi sikucheka, kwa sababu kitambulisho changu kilikuwa ndani ya sanduku lile, na picha yangu ilikuwa imeliwa mpaka shingoni.

Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba ninaandika kama mwenye nyumba ya saruji na friji. Panya ni adui wa kweli kwa maskini. Hali chakula tu, anakiharibu zaidi ya anachokula, kwa mkojo na mavi yake. Mkojo ule una magonjwa, kama leptospirosi, inayoingia mwilini kwa kidonda au kwa maji machafu. Ndugu zetu wa Ituri, upande wa Mahagi na Aru, wanajua tauni, ugonjwa unaotoka kwa viroboto vya panya. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 6, Wafilisti waliopigwa na majipu walitengeneza sanamu za panya za dhahabu. Walijua tangu zamani zile kwamba panya na pigo vinaweza kutembea pamoja. Kumwondoa panya nyumbani si anasa, wala si ubaya. Ni kazi ya mzazi.

Basi ulizo si kama tumwondoe. Ulizo ni namna gani, na kwa moyo gani.

Kijana mmoja kikaoni alisema neno ambalo sitalisahau. Alisimama, akasema: “Sisi wenyewe tuliuawa kama panya. Hakuna aliyetuhurumia. Na ninyi mnataka tuhurumie panya?” Watu wakanyamaza. Nani angemjibu upesi? Kijana huyu amezika watu wa kwao. Aliyemjibu hapo kwa kumsomea Maandiko haraka haraka alikosea, na nilimwambia hivyo baadaye.

Lakini nimelifikiri neno lake muda mrefu. Sikia alivyosema: kama panya. Kwa nini hakusema tuliuawa kama mbuzi? Mbuzi tunachinja kila sikukuu. Ni kwa sababu mbuzi ana namna yake ya kuuawa: kisu kinanolewa, anashikwa na mtu anayejua, hapigwi kwa mzaha, watoto hawamrushii mawe. Panya hana namna. Juu yake kila kitu kimeruhusiwa. Ndiyo maana mtu anayetaka kuwafanyia watu wenzake kila kitu huanza kwa kuwaita jina la mdudu au la panya. Wazee wetu walisikia katika mwaka 1994, ngambo ya mpaka, redio ikiita watu mende. Kisha walioitwa mende wakafanyiwa kile ambacho mtu hufanyia mende. Sisemi kwamba kijana aliyechoma panya atachoma mtu. Hapana, ningekuwa mwongo. Nimeona watu waliopenda paka wao mpaka machozi, na jirani yao wakamchukia mpaka kaburini. Moyo wa mtu haupimwi kwa kipimo chepesi hivyo. Ninasema tu kwamba pahali ambapo kila kitu kimeruhusiwa ni pahali pa hatari, na si vizuri watoto wetu wapajue na kupapenda.

Wengine watasema Maandiko yamemhesabu panya kati ya vitu najisi, katika Walawi sura ya 11. Ni kweli. Lakini najisi maana yake usimle na usimguse akiwa mzoga. Haikuandikwa popote kwamba umtese. Wengine watasema Adamu alipewa kutawala wanyama. Ni kweli vilevile. Shefu wa kijiji naye amepewa kutawala, na sisi tunajua vizuri tofauti ya shefu anayetawala na shefu anayechezea watu. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyofikiri juu ya uhai wa mnyama wake. Torati inamkataza mtu aliyekuta kiota njiani asichukue mama pamoja na watoto wake. Na mwisho kabisa wa kitabu cha Yona, Mungu anapoeleza kwa nini hakuiangamiza Ninawi, anataja watu, kisha anataja na wanyama. Wanyama wa Ninawi! Yona alikuwa na hasira kama ya kijana wetu, na alikuwa na sababu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na wazee wanirekebishe kama nimepotea. Kumwua panya anayekula mbegu yako si dhambi. Kufurahia maumivu yake ni uchafu unaoingia ndani ya mtu mwenyewe, hata kama panya angekufa kwa vyovyote. Na iko dhambi ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja kikaoni, nami naiona ndiyo ya kawaida kuliko zote: uvivu. Tunamlisha panya miezi sita kwa unga uliomwagika na sufuria isiyofunikwa, kisha siku moja tunakasirika na kumwua kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyejialika.

Hapo sina budi kueleza kosa langu mwenyewe.

Tulipotoka kambini nilikuwa na panya wengi kuliko nyumba yoyote ya kartiye yetu. Nikanunua dawa kwa mchuuzi wa barabarani mjini Goma. Ilikuwa poda nyeusi-nyeusi ndani ya kifuko kidogo cha plastiki, hakina jina, hakina maandishi. Mchuuzi alisema tu, “Hii ni kali, baba.” Nikaipaka juu ya sambaza chache za kukaanga, nikaziweka nyuma ya mlango, nikaenda shamba. Niliporudi, mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa nyuma ya mlango ule na sambaza mkononi, ameishaifikisha midomoni. Sijui nilivuka chumba kwa hatua ngapi. Nilipiga mkono wake mpaka akaanguka. Alilia sana, akinitazama kama mtu asiyenijua. Hakuwa ameila. Usiku nikaosha mikono yake mara tano, na yangu pia.

Paka wa jirani hakupata bahati hiyo. Alikula panya aliyelewa ile dawa, akafa kabla ya jioni ya kesho yake. Jirani hakunishitaki kwa shefu. Alinisalimia kama kawaida, na salamu ile ilikuwa nzito kuliko faini. Na panya mwingine alikufa ndani ya ukuta, kati ya mbao na mbao, akanuka juma zima. Wandugu waliokuja kwa maombi walifunika pua na leso, wakiomba.

Baadaye niliuliza watu wa afya, wakanieleza. Ile poda ya kijivu au nyeusi, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, kwa kawaida ni fosfaidi ya zinki. Ikifika tumboni na kukutana na asidi, hutoa gesi ya sumu. Hakuna dawa inayoivunja nguvu. Kituo cha afya kinaweza kumsaidia mgonjwa apumue tu, na kungoja. Zile punje za rangi ni za namna nyingine: huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku tatu mpaka saba, akivuja damu ndani kwa ndani. Kwa hizo dawa iko, ndiyo vitamini K1, kama mgonjwa anafikishwa mapema. Ndiyo maana ukimpeleka mtoto kwa daktari, peleka na kifuko chenyewe. Lakini kifuko kisicho na jina kitamwambia daktari nini?

Tazameni basi: siku saba za kufa, kwa kiumbe kidogo hivyo. Sisi tunaona panya amepotea, tunasema dawa ni nzuri. Hatuoni kilicho ndani ya ukuta. Ukatili wa yule kijana ulionekana na watu wote, tukamkemea. Wangu ulifanyika gizani, na hakuna aliyeniita kikaoni.

Tena kuna gundi. Inauzwa kwa kibao. Panya akikanyaga hawezi kutoka. Hufa kwa njaa, kiu na woga, wengine wakijing’oa ngozi. Huko Uingereza walitunga sheria mwaka 2022, ikaanza kazi mwaka 2024, kukataza watu wa kawaida kutumia gundi hiyo kwa panya. Siisifu Uingereza kwa kila jambo, lakini hapo waliona sawasawa. Na kuzamisha panya ndani ya ndoo ya maji huonekana kama upole kwa kuwa hakuna damu. Simama utazame mpaka mwisho, kisha uniambie kama ni upole. Anaogelea mpaka nguvu imwishie.

Kuna na huruma ya uongo. Mama mmoja mwenye moyo mwema alinasa panya akiwa hai, akamchukua ndani ya bidoni iliyokatwa, akaenda kumwachilia. Wapi? Nyuma ya nyumba ya mjane, hatua mia moja kutoka kwake. Akasema, “Nimemhurumia.” Amemhurumia nani? Panya wa nyumbani aliyetupwa karibu hurudi, au anaingia kwa jirani. Akitupwa mbali sana, pahali asipojua tundu wala chakula, mara nyingi hafiki mbali, kunguru na nyoka wanamwona. Kumwachilia si vibaya, lakini mtu asitumie kiumbe cha Mungu kumhamishia mjane shida yake.

Kama ni lazima kuua, mtego wa mbao wenye chuma na springi yenye nguvu ndio unaomaliza haraka kuliko dawa zote, ukipiga shingoni au kichwani. Springi iliyolegea ni mbaya. Inashika mguu, na mnyama anavuta usiku kucha. Mtego utegwe kando ya ukuta, mahali anapopita, maana panya hapendi kukata katikati ya chumba. Utazamwe asubuhi na jioni, usisahauliwe. Akikutwa hai, pigo moja la nguvu kichwani, na mtu mzima, si mtoto, wala si mbele ya watoto. Kisha umzike, usimshike kwa mkono mtupu, unawe kwa sabuni. Hakuna makofi.

Lakini neno kubwa zaidi liko kabla ya mtego. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba siku 19 mpaka 21 tu. Huzaa watoto 5, 6, hata 8 kwa mara moja, na watoto wale wanaweza kushika mimba kabla ya kumaliza miezi miwili. Nani atashindana na hesabu hiyo kwa fimbo? Ukiua kumi na chakula kikabaki chini, wengine kumi watakula vizuri zaidi na kuzaa zaidi. Anayeua bila kufunga chakula anachinja bila mwisho. Ni kama vita vyetu.

Sisi wa Mubambiro tuna shida ambayo watu wa udongo hawana. Tumejenga juu ya moto uliopoa. Miaka ya 1938 mpaka 1940 lava ya Nyamuragira ilishuka upande huu wa Sake mpaka ikaingia ziwani, na mawe yale yana nyufa zisizohesabika. Huwezi kuchimba tundu la panya kwa jembe. Tundu lake ni la jiwe, limekuwa tayari kabla ya babu yako. Basi usimfuate nje. Mzuie mlangoni kwako. Panya mdogo anapita pahali panapopita kalamu ya biki. Jioni washa taa ndani, zunguka nyumba kwa nje, na pale unapoona mwanga kati ya mbao, pale ndipo mlango wake. Ziba kwa vipande vya manjanja ya zamani, vilivyokunjwa na kupigwa misumari, au mchanga wa makoro na saruji kidogo. Matambara na plastiki havisaidii, anatafuna. Kuni zisipangwe kuegemea ukuta. Nyumba iliyoinuliwa juu ya mawe, chini yake pafagiwe, pasiwe ghala la magunia.

Unga na maharagi viwe ndani ya chuma au ndoo yenye mfuniko mzito. Asiye na ndoo atundike gunia kwa kamba katikati ya chumba, mbali na ukuta, na katikati ya kamba apitishe sahani ya bati iliyotobolewa. Panya akishuka kwa kamba anafika kwenye sahani na kuteleza. Mbegu ya maharagi wazee wetu waliichanganya na majivu makavu. Walifanya hivyo kwa ajili ya wadudu, lakini kopo lililojaa mpaka juu na kufungwa kwa udongo hata panya hakulifungua. Bugali iliyobaki usiku isilale katika sufuria wazi eti mtoto ataamka na njaa. Na haya yote yafanywe na nyumba zote za mstari mmoja, juma lilelile. Nyumba moja safi kati ya kumi chafu ni kama mtu mmoja anayefunga na kuomba katika baa.

Sasa nitasema juu ya paka na bundi, ingawa najua ulizo hili ni zito kwetu tunaoomba kwa kufukuza roho wachafu. Wandugu wengine wamefukuza paka nyumbani kwa sababu ni mweusi, na kila bundi anayelia wanamrushia mawe. Bundi mmoja hula panya kadhaa kila usiku, na akiwa na watoto wake hukamata wengi zaidi. Watu husema, bundi alilia, kisha mtu akafa. Mimi nimeona kinyume: mtu amekufa, watu wamekuja matangani, wamekula usiku kucha nje, unga na mchele umemwagika, panya wamekuja kuokota, na bundi amefuata panya. Hakuleta kifo. Alifuata makombo ya matanga.

Na paka? Vijana waliniuliza, kama mateso ni mabaya, mbona paka anamchezea panya kabla ya kumwua? Ni ulizo zuri. Paka hana amri kumi. Anafanya alivyoumbwa, hajui kwamba panya anaumia kwa namna tunayojua sisi. Sisi tunajua, ndiyo tofauti yote. Mimi nampenda paka kwa sababu nyingine: harufu yake tu inamfanya panya asikae kwa raha. Paka mmoja anayelala nyumbani huzuia zaidi ya anavyoua.

Kuna wanaosema panya ni kiumbe kisicho na faida hata moja. Hao niwasimulie habari ya Tanzania. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku, wale wakubwa, kunusa mabomu yaliyofichwa ardhini, na kunusa makohozi ya wagonjwa kutambua kifua kikuu. Mmoja wao, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu ya ardhini na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya mia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza, na mwanzoni mwa 2022 akafa kwa uzee. Mwili wake ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Sisi tuliorudi katika mashamba ya Sake na Mubambiro, ambako jembe linaweza kugonga chuma kisicho jiwe, tunajua kazi hiyo ina uzito gani. Panya anayekula maharagi yangu si Magawa, najua. Lakini pua ni ileile, na aliyeiumba ni yuleyule.

Nirudi kwa yule kijana aliyesema tuliuawa kama panya. Sikumshinda kwa maneno, wala sikutaka. Siku chache baadaye nilimkuta anamsaidia yule mama wa mbegu kutengeneza ukuta ulioungua. Walikuwa wanatoa vitu vyote nje. Ndani ya sanduku la chini, katika kitenge cha mama kilichokatwa-katwa, palikuwa na kiota: watoto sita wa panya, wekundu, bila manyoya, macho hayajafunguka, wadogo kama kidole cha mtoto. Kijana akainua nyundo. Kisha akamwangalia mama.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kitenge kile alikuwa amekibeba mpaka Bulengo na kukirudisha. Akasema, “Leta jembe.” Akachota kiota chote kwa jembe, akakipeleka nje, mbali na nyumba zote, akakiweka katika ufa wa makoro, kivulini. Kijana akamwambia, “Mama, mama yao atawachukua, watarudi.” Akajibu, “Basi ziba upesi kabla hajamaliza.”

Wakaziba mpaka giza. Mimi nilishika taa kwa ndani, na yeye akiwa nje alipiga manjanja kila pahali alipoona mwanga.